Anaifunga kompyuta ya sataranji nyumbani, shuleni anafungwa: mzazi asiyejua mchezo afuatilie nini?

*Swali: Mwanangu ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Mwaka jana mjomba wake anayeishi Ujerumani alimletea kompyuta ya sataranji iliyotumika. Si ya kioo kama simu, ni ubao wenyewe: unabonyeza miraba na taa ndogo nyekundu zinawaka. Anaichezea kila jioni, mechi tatu nne mfululizo, na anasema amefika ngazi ya tano. Lakini kwenye klabu ya shule siku ya Jumamosi anafungwa na watoto ambao kwao hawana hata ubao. Akikosea kwenye mashine anabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma. Juzi alilia, akadai mashine inamwibia, eti imekula kitunda chake bila hata kukikanyaga. Mimi sataranji siijui kabisa, na baba yake anacheza drafti tu. Je, nipandishe ngazi? Tumtafutie mashine mpya yenye nguvu zaidi? Na mtu nisiyejua mchezo nitajuaje kama mtoto anaendelea au anapoteza muda?*

Mama, nianze na lile lililomliza mtoto, kwa sababu linaweza kwisha leo jioni. Mashine haikumwibia. Kaeni na ubao, kete nyeupe zikiwa upande wake. Angalia herufi na namba zilizochapwa pembeni mwa ubao. Weka kitunda cheupe kwenye d2, nyumbani kwake, na kitunda cheusi kwenye e4. (Vitunda ni wale askari wadogo wanane wa mstari wa mbele.) Sasa mwambie mtoto arushe kitunda chake hatua mbili, d2 hadi d4. Kwa kuruka hivyo amepita mraba wa d3, ambao kitunda cheusi kilikuwa kinaulinda. Kanuni inampa mweusi haki ya kukila kana kwamba kilisogea hatua moja tu: kitunda cheusi kinaingia d3, na kile cheupe kilichoko d4 kinatolewa ubaoni. Haki hiyo ni ya zamu moja. Mweusi asipoitumia papo hapo, imekwisha. Kwenye mashine ya taa kwa kawaida utaona e4 ikiwaka, kisha d3, kisha d4, maana yake "kitoe hicho". Kwa mtoto ambaye hajawahi kuelezwa, huo ni wizi wa mchana kweupe, na alikuwa na sababu ya kulia. Mwambie pia kwamba haki hiyo anayo na yeye. Atafurahi sana siku atakapoitumia Jumamosi.

Kisa hiki kidogo kinabeba shida yenu karibu yote. Mashine inazijua kanuni zote bila kukosea, na haiwezi kumweleza mtoto hata moja. Ni mpinzani mzuri, lakini kazi ya kufundisha haijafanywa na mtu yeyote hapo nyumbani, na mtoto amekuwa akijikisia mwenyewe. Wazazi wengi wenye hizi kompyuta hufuatilia ngazi na ushindi, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Mimi ningependa ufuatilie kinachotokea kabla mkono wa mtoto haujagusa kete, na mahali ambapo kete ya kwanza inapotea bure. Vyote viwili anaweza kuviona mtu asiyejua sataranji.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu hiyo ngazi ya tano, maana ndiyo inayowachanganya. Ndani ya mashine kuna programu yenye kazi moja: kujaribu hatua kimyakimya na kuzipa alama. Mechi ikianza, mweupe ana hatua 20 anazoweza kucheza. Mweusi akijibu, tayari kuna michanganyiko 400. Katikati ya mechi kila zamu huwa na hatua 30 hadi 40 hivi, kila moja na majibu yake, na kila jibu na majibu yake. Programu inapita kwenye matawi hayo kwa kasi, inahesabu nani amebaki na kete za thamani, halafu inachagua tawi lenye alama nzuri. Mwaka 1997 kompyuta ya IBM iliyoitwa Deep Blue, iliyokuwa ikikagua nafasi zipatazo milioni 200 kwa sekunde, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Mashine ya mwanao ina kichipu kidogo mno kulinganisha na hiyo, lakini hata kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 na 1990, kama zile Mephisto zilizotoka München, zikipewa muda wa kutosha zinawatoa jasho watu wazima wa klabu.

Mtengenezaji basi anafanyaje ili mtoto asifungwe kila siku? Njia moja ni kupunguza muda wa mashine kufikiri, na kwenye mashine nyingi ngazi hutofautiana kwa sekunde tu: hii inafikiri sekunde mbili kwa hatua, ile sekunde tano, ile kumi. Njia nyingine, ambayo hutumika kwenye ngazi za chini, ni kuiamuru programu ikosee makusudi mara kwa mara. Hapo ndipo penye shida. Inacheza hatua kumi safi kabisa, halafu ghafla inamweka malkia wake mdomoni mwa kitunda. Ni kama kumpa mtoto ajizoeze mpira na mchezaji wa timu ya taifa aliyeambiwa kila baada ya dakika tano apige shuti kwenye goli lake mwenyewe. Mtoto atapata mabao, lakini anachojifunza ni kungoja zawadi.

Watoto wa Jumamosi hawakosei hivyo. Wao hukosea kwa haraka, kwa tamaa ya kushambulia, kwa kusahau kete waliyoiacha nyuma. Na wana mitego. Nina hakika mmoja wao ameshamfunga mwanao hivi: kitunda e2 hadi e4, mweusi naye e7 hadi e5. Malkia mweupe anatoka d1 hadi h5. Mweusi anatoa farasi, b8 hadi c6. Askofu mweupe f1 hadi c4. Mweusi anatoa farasi wa pili, g8 hadi f6, akidhani anamfukuza malkia, na malkia anakula f7: chekimeti kwa hatua nne, yaani mfalme ametishwa, hana pa kukimbilia, na mechi imekwisha. Mashine mara chache sana hujaribu mtego huo, kwa sababu programu hudhani mpinzani ataona kila kitu, na mweusi anayeona ana dawa rahisi: badala ya yule farasi wa pili, asogeze kitunda g7 hadi g6. Malkia akirudi f3 kutisha tena pale pale f7, sasa ndipo farasi aende f6 kuziba njia. Mtoto aliyelelewa na mashine peke yake anaweza kucheza mwaka mzima bila kukutana na hilo, kisha afungwe nalo Jumamosi tatu mfululizo na kuamini kwamba hana akili.

Kuna jambo jingine ninalolishuku, na unaweza kulihakikisha wewe mwenyewe. Mashine za zamani, hasa kwenye ngazi za chini, hurudia majibu yale yale ukirudia hatua zile zile. Watoto ni wepisi sana kuligundua hili. Wanaipata mechi moja waliyoshinda, wanaikariri, wanaicheza tena na tena, na taa zinawaka kwa mpangilio ule ule mpaka chekimeti. Leo mwache acheze kwenye ngazi hiyo ya tano, lakini ashike kete nyeusi. Mechi inayofuata mrudishie nyeupe, ila hatua mbili za mwanzo umchagulie wewe, za ovyo tu: a2 hadi a3, halafu h2 hadi h3. Si hatua nzuri wala si mbaya kiasi cha kumfungisha. Akiendelea kucheza vizuri, ngazi ya tano ni yake kweli. Akiporomoka kabla ya hatua ya kumi na tano, ujue alichopanda nacho ni kumbukumbu. Tafadhali usimwite mdanganyifu. Mtoto wa miaka tisa aliyegundua udhaifu wa programu amefanya kazi ya akili. Mwambie tu kwamba njia hiyo ameshaimaliza, sasa tunatafuta nyingine.

Hivyo basi, usipandishe ngazi. Ishushe au ibaki pale ambapo, akicheza mechi ambazo hajazikariri, anapata ushindi au sare moja kwa kila mechi tatu au nne. Na ile namba ya Elo (kipimo cha nguvu ya mchezaji) iliyoandikwa kwenye kijitabu cha mashine isikuumize kichwa. Kiwango cha kweli cha mchezaji hupimwa kwenye mashindano dhidi ya watu, na orodha ya FIDE, shirikisho la dunia, tangu Machi 2024 inaanzia 1400. Mtoto wa darasa la nne anayeanza hayupo huko, na wala hahitaji kuwepo.

Sasa kazi yako. Nunua daftari la kawaida la mistari. Katika kila mechi mtoto aandike hatua zake upande wa kushoto na za mashine upande wa kulia, akitaja mraba wa kutoka na wa kwenda, kama mashine yenyewe inavyoonyesha: e2-e4, g1-f3. Ikiwa kioo cha mashine kinaweka na herufi za kete, na imenunuliwa Ujerumani, usishangae kuona D kwa malkia, T kwa ngome, L kwa askofu na S kwa farasi. Kuandika kutamchosha wiki ya kwanza. Vumilieni. Kwenye mashindano ya muda mrefu kuandika hatua ni lazima, na faida yake ya papo hapo ni kwamba kunampunguzia mtoto mwendo.

Mechi ikiisha, kaa naye. Wewe soma daftari, yeye asogeze kete. Kila kete inayoliwa iweke pembeni, nyeupe upande huu, nyeusi upande ule, na uhesabu kwa thamani hizi: kitunda 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei, hauzwi. Mkifika mahali ambapo upande wa mtoto umepungukiwa na pointi tatu au zaidi, na hatua mbili zilizofuata hakurudishiwa kitu, simama. Zungushia hatua hiyo kwa kalamu nyekundu na uandike kwa maneno ya mtoto mwenyewe: "hatua ya 9, farasi wangu hakuwa na mlinzi." Basi. Huhitaji kujua kilichotakiwa kuchezwa. Muulize tu, "Kabla ya hatua hii, mashine ilikuwa inatisha nini?" Mara nyingi ataona mwenyewe, na uso wake utakwambia kabla ya mdomo.

Hiyo namba ya hatua ndiyo kipimo chako. Iandike juu ya kila ukurasa pamoja na tarehe, ngazi na rangi aliyoshika. Mtoto anayepoteza kete ya kwanza ya bure kwenye hatua ya 7 mwezi huu, na kwenye hatua ya 18 miezi mitatu ijayo, amekua sana, hata kama bado anafungwa mechi nyingi. Na mtoto anayeshinda kila siku huku duara jekundu likibaki hatua ya 6 hajasogea popote. Mashine ndiyo inayomrudishia alichopoteza. Ningependa walimu wengi zaidi wa klabu za shule watumie kipimo hiki kuliko kuhesabu ushindi, kwa sababu katika umri huu karibu kila mechi inaamuliwa na kete zilizoachwa bila ulinzi. Ufundi wa kufungua mechi na majina yake marefu utakuja baadaye.

Angalia pia saa. Mechi ya hatua 40 iliyokwisha kwa dakika sita, hata tukidhani mashine haikutumia sekunde hata moja, ni sekunde tisa kwa kila hatua ya mtoto. Hapo hafikirii, anajibu taa. Mashine inajibu upesi, na mtoto anaiga kasi yake. Dawa ninayoitumia ni ya zamani: mikono yote miwili ikae chini ya mapaja mpaka amejijibu maswali matatu kwa sauti ndogo. Imetaka nini? Nikicheza ninachotaka, italiwa kete gani? Kuna cheki (mfalme kutishwa) au kete ya bure ninayoiacha? Wiki mbili za mwanzo utamkumbusha hadi uchoke. Baadaye utaona midomo yake inacheza bila wewe kusema chochote.

Hili la mkono lina sababu nyingine, inayotokana na jinsi mashine yenu ilivyotengenezwa. Chini ya kila mraba kuna swichi bapa. Mashine haioni kete. Inahisi kubonyezwa tu, na picha ya mechi inaitunza kwenye kumbukumbu yake. (Kete ikianguka na kurudishwa mraba usio wake, mtoto anaona mechi moja na mashine ina nyingine kichwani, hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya "mashine imekataa".) Kwa hiyo nyumbani anaweza kushika farasi, kumpeleka huku, kumrudisha, kumpeleka kule, na hakuna kinachotokea mpaka abonyeze. Kwenye meza ya mashindano ukishika umecheza. Ukigusa kete yako kwa makusudi lazima uichezeshe ikiwa ina hatua halali, na ukigusa ya mpinzani lazima uile ikiwa inawezekana. Ukitaka kuiweka sawa tu, unatangaza kabla ya kuigusa. Vilevile mashine humpigia mlio akicheza hatua isiyo halali, na anajaribu nyingine. Kwenye mashindano ya muda mrefu, hatua ya kwanza isiyo halali humwongezea mpinzani dakika mbili, na ya pili inakutoa kwenye mechi. Anzeni leo: ukishika umecheza, hata mbele ya mashine. Inawezekana nusu ya machozi ya Jumamosi yanatoka hapo.

Kitufe cha kurudisha nyuma sikichukii. Kikitumika vizuri ni zawadi ambayo watoto wa zamani hawakuwa nayo, kwa sababu unaweza kurudi pale pale kosa lilipotokea na kujaribu njia nyingine. Kinachomdhuru mwanao ni kukibonyeza katikati ya mechi kila anapoumia. Anajizoesha kwamba hatua haina gharama. Wekeni sharti: wakati wa mechi kitufe hakiguswi. Mechi ikiisha na duara jekundu likishachorwa, arudi hadi hapo, aseme kwanza kilichokuwa kibaya, kisha aendelee kutoka hapo kwa njia mpya. Kitufe cha kuomba msaada wa hatua kiende na sharti hilo hilo: aseme chaguo lake kwanza, ndipo aitazame ya mashine. Mashine ikichagua tofauti, haimaanishi yake ni mbaya.

Na sasa niseme mashine hii inafaa wapi, maana inafaa sana na ningesikitika ikiwekwa kabatini. Mashine nyingi zina namna ya kupanga kete upya. Mpangie mechi ambayo mashine haina malkia tangu mwanzo, lakini ngazi iwe ya kawaida, ile isiyokosea makusudi. Sasa mtoto ana nguvu zaidi na mpinzani wake anacheza kwa uaminifu. Atajifunza kulinda faida aliyonayo, jambo ambalo ngazi za zawadi hazimfundishi kamwe. Akizoea, irudishie malkia na uondoe ngome, kisha farasi.

Tena kuna mwisho wa mechi, na hapa sijui mwalimu binadamu mwenye subira kama ya mashine. Panga mfalme na malkia wa mtoto dhidi ya mfalme mpweke wa mashine. Mfalme huyo atakimbia kadiri inavyowezekana, na mtoto atahangaika. Kwa uchezaji sahihi, chekimeti hiyo haizidi hatua 10 kutoka mahali popote. Mwanzoni atatumia 30, au atamzuia mfalme asiwe na pa kwenda bila cheki, na mechi itaishia sare. Huko kukasirika ni kwema, kunafundisha. Baadaye mfalme na ngome dhidi ya mfalme mpweke, ambayo haizidi hatua 16. Andika idadi ya hatua kila mara, uone inavyoshuka. Mtoto wa darasa la nne anayejua kumaliza na ngome atawafunga wengi wa wenzake waliomzidi mwanzoni, kwa sababu wao hawajui kufunga mlango.

Mechi tatu nne kila jioni ni nyingi mno. Mechi moja yenye daftari na mapitio yake inaweza kula dakika arobaini na tano, na hiyo inatosha kwa siku. Siku inayofuata mazoezi ya mwisho wa mechi robo saa. Siku moja ya wiki mashine ipumzike, acheze na mtu. Na baba yake anayecheza drafti asijitoe: kuona hatua mbili mbele anakujua, kanuni za kete atajifunza kwa jioni chache, na mtoto kumfunga baba yake kihalali ni furaha ambayo hakuna taa itakayompa.

Mashine mpya yenye nguvu zaidi msinunue. Nguvu haijawahi kuwa upungufu wenu. Zipo kompyuta za sasa zinazojirekebisha kufuata kiwango cha mtoto, DGT Centaur ni mojawapo, na ni nzuri, lakini kwa gharama yake mtapata mambo mengi yenye faida zaidi. La kwanza ni ubao wa kukunja na kete za kawaida za mashindano, miraba ya sentimita 5 hadi 6 na mfalme wa sentimita 9.5 hivi. Mtoto aliyezoea ubao mdogo wa mashine macho yake hayafiki pembe za ubao mkubwa, na askofu wa mbali anamla bila kumwona. Kama kuna simu nyumbani, Lichess, tovuti na programu ya kucheza sataranji, ni ya bure kabisa, haina matangazo, ina mafumbo mengi ya kutosha, ina hali ya watoto inayozima mazungumzo, na ina wapinzani wa kompyuta waitwao Maia waliofunzwa kwa mechi za watu, kwa hiyo hukosea kama watu. Hata hivyo simu ni mlango wa mambo mengine, na ubao usio na intaneti una heshima yake. Kwa umri wake ningeweka mafumbo ya simu robo saa, wewe ukiwa karibu, na mechi ziwe za ubaoni.

Nikuombe na jambo moja ambalo hukuliuliza lakini wazazi wengi hulibeba moyoni: msimfundishe sataranji ili apande hesabu. Uingereza walilipima hilo kwa uangalifu katika shule 100, kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi waliofundishwa sataranji darasani, na ripoti iliyotoka mwaka 2016 haikukuta tofauti katika alama zao za hesabu mwaka mmoja baadaye. Acheze kwa sababu anaupenda mchezo, kwa sababu anajifunza kukaa na kosa lake bila kulikimbia, na kwa sababu anapata marafiki. Hesabu zina daftari lake.

Lini mtafute mtu wa ana kwa ana? Ikiwa miezi mitatu ya daftari imepita na duara jekundu halisogei, mpelekeni kwa mwalimu wa klabu na daftari lenyewe mkononi. Mwalimu mzuri akisoma mechi kumi za mtoto atajua ndani ya nusu saa kinachomkwamisha, jambo ambalo mashine haitaweza. Muulize pia kuhusu mashindano ya watoto yanayoandaliwa na chama cha sataranji cha nchi yenu. Masomo ya ziada na mwalimu yafanyike sebuleni au kwenye ukumbi wa wazi, watu wazima wengine wakiwepo. Mwalimu wa kweli hataona vibaya ukikaa pale.

Kulia baada ya kufungwa, mara moja moja, ni kawaida kwa miaka tisa. Lakini akilia karibu kila mechi, akianza kuipiga mashine, akikwepa klabu kwa kusingizia tumbo, au akikosa usingizi akiwaza mechi, simamisheni mashine wiki mbili bila kuifanya adhabu, na uzungumze na mwalimu wake wa darasa. Huzuni ikiendelea hata bila sataranji, hapo mwoneni daktari wa watoto. Na kama anainamia ubao kwa karibu sana, anakunja macho au analalamika kichwa, mpimeni macho kabla ya kulaumu umakini wake.

Mwisho, mpigie mjomba wake. Geuza mashine, msomee jina na namba ya modeli iliyo chini yake, na mwombe atafute kijitabu cha maelekezo. Vya mashine nyingi za zamani vinapatikana bure kwenye intaneti, na humo ndimo utakapoona ni ngazi zipi zinakosea makusudi na namna ya kupanga kete upya. Akuulizie pia volti za adapta na upande wa chanya na hasi kabla hamjaazima ya redio, kwa maana adapta isiyo yake inaweza kuiunguza mashine. Betri, ikiwa inazitumia, zitoeni kila inapowekwa muda mrefu bila kuchezwa.